Bei ya Misumari

Siku hizi najua bei ya kila kitu Tororo.
Misumari ya nchi nne, kwa kilo. Betri za tochi.
Kitenge cha Bi. Zamzam kinachoning'inia mlangoni,
kilichopanda mara mbili tangu Pasaka.
Sinunui. Nasimama tu, nauliza,
mpaka shavu la mguu liniachie.

Kutoka kwangu hadi kwa fundi saa, hatua themanini.
Hapo ndipo kigimbi hukaza,
kama mtu amekitia nati
na bado anazungusha spana.
"Mzee Ochwo, leo unatafuta nini?"
"Saa," nasema.
Saa ninayo, imo mfukoni, inatembea kunishinda.

Mimi, jamani!
Mimi niliyekagua reli maili sita kwenda
na maili sita kurudi, miaka ishirini na tisa,
nyundo begani, bendera nyekundu kwapani,
taruma kwa taruma, mvua ikinipiga, jua likinikausha.

Mkanda wangu nimeutoboa tundu jipya kwa msumari wa moto.
Kisha la pili.
Nyafwono haulizi.
Anaongeza karanga kwenye mboga,
anaitazama sahani yangu kama mtu anayengoja barua.
Juzi kopo la chumvi lilinishinda kufungua.
Akalichukua, likafunguka mara moja.
"Ulikuwa umeshalilegeza," akasema.
Mwongo.

Usiku mguu wa kushoto ni chupa ya soda,
blanketi haliujui.

Tukaenda Mbale, hospitali.
Muuguzi Amoding, mdogo kuliko buti zangu za kazi:
"Inuka kitini mara tano, bila mikono."
Mara ya tatu kiti kikakataa kuniachia.
"Bana hiki." Nikabana kwa meno na macho.
Mshale ukasogea kidogo, ukaona haya, ukarudi.
"Tembea hapa hadi pale." Mita nne.
Akashika saa, mimi nikashika njia.
Kwa muda ule treni ya mizigo
ingemaliza kupitisha mabehewa yake yote.

Kisha akanilaza. Akanifunga mkono, akanifunga kifundo cha mguu,
akapaka kitu cha baridi, akagusisha kijiti chake,
akainamisha kichwa, akafumba macho.
Hapo nikamjua.
Ndivyo nilivyokuwa nikilala juu ya kokoto, alfajiri,
sikio kwenye chuma,
nikiisikiliza treni ya Soroti kabla haijapiga honi.

Mkononi ilikuja: du-du, du-du, tena kwa haraka.
Mguuni, upepo.
Akahamisha kijiti. Upepo.
Akahamisha tena, na mbali sana, kama ng'ambo ya mlima,
kitu kikapumua.

"Mishipa imeziba, Mzee. Damu inafika kwa taabu.
Na mwili wenyewe umenyong'onyea,
basi kila kimoja kinamvuta mwenzake chini."
"Njia imeota nyasi," nikasema.
Akacheka. Halafu akaacha.

Sigara, basi. Vidonge viwili usiku. Mayai, kunde.
Dawa ya mwisho nilidhani ananitania:
tembea mpaka iume,
simama, iache ipoe,
tembea tena.

Sasa jioni tunatoka wawili.
Tukikaribia themanini Nyafwono husimama kwanza, kabla sijasema,
huinama kufunga kiatu.
Viatu vyake havina kamba.
Namngoja. Nalalamika kidogo kwamba ananichelewesha.

Jana tulimpita fundi saa.
Themanini na tano, sita, tisini,
nikaumwa mbele ya seremala wa majeneza.
Likawa halina budi. Nikauliza bei.
Akaweka randa chini, akavua kofia.
"Pole sana. Ni la nani, Mzee?"
"La mtu yeyote," nikasema. "Mimi napumzika tu."

Nyafwono akanivuta mkono wa shati.
Moja. Mbili.